Kuku wa Krismasi Asiye Hai Wala Mfu

Syombua Mativo hakuwa mchawi. Naanza na jambo hilo kwa sababu wapo watu wa mtaa wetu wa Baba Dogo, wenye Biblia za zipu na viti vya mbele kanisani, ambao hadi leo hunong'onezana wanapompita, nami sitaki msomaji afike mwisho akidhani kwamba habari hii ina pande mbili. Ina upande mmoja tu. Nilikuwa katibu wa kamati iliyomshtaki, kwa hiyo ninajua ninachosema.

Alizaliwa Ukambani, karibu na Kangundo, akaja Nairobi kumfuata mumewe aliyekuwa dereva wa kiwanda cha rangi. Mume alifariki mwaka wa 1973, akamwacha na watoto watatu. Mama Mbithi, kama tulivyozoea kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, hakurudi kwao kulia. Alikwenda katika shule ya upili ya harambee iliyokuwa imeanzishwa hapa mtaani kwa michango ya wazazi, akaomba kazi yoyote, akapewa ufagio. Baada ya mwaka mmoja walimwongezea kuosha vyombo vya maabara, bila kumwongezea kingine chochote.

Elimu yake ilikoma darasa la nane la wakati wa mkoloni. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo ningependa vijana wetu waijue kabla hawajaanza kulalamika kwamba nchi imewanyima nafasi. Kila alipoosha mirija na chupa, alibana kitabu cha fizikia kwenye bomba la maji kwa vibanio vya kuanikia nguo, akasoma mikono ikiwa na povu. Ukurasa mmoja kwa mirija ishirini. Kitabu kikiisha alianza kingine. Walimu wa sayansi katika shule zile walikuwa hawakai. Wakipata nafasi serikalini waliondoka katikati ya muhula. Kati ya mwalimu anayeondoka na mwalimu ajaye, aliyewaonyesha wanafunzi jinsi ya kupima volti alikuwa Syombua. Vijana waliofaulu mtihani wa kidato cha nne walifaulu mikononi mwake, na katika siku ya wazazi shukrani zilikwenda kwa bodi.

Tangu mwaka wa 1979 alikuwa pia na somo la Krismasi. Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu aliazima ukumbi wa kanisa, akawakusanya watoto waliobaki mjini, akawafundisha jambo moja huku akiwachekesha. Mwaka mmoja aliwaeleza kwa nini birika hulia. Mwaka mwingine ilikuwa sumaku. Mwaka wa 1984 wanafunzi wakubwa walimwomba awaeleze kitabu alichokuwa akikisoma wakati huo, kilichoachwa na mwalimu mmoja wa kujitolea. Kilihusu fizikia ya kwanta, yaani elimu ya vitu vidogo kuliko vumbi, ambavyo tabia yake haifanani na ya kitu chochote tunachokishika mkononi.

Ule ulikuwa mwaka wa ukame. Tulikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada na kujifanya hatuoni rangi. Watu wengi wa Ukambani hawakusafiri kwenda nyumbani kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu, kwa hiyo siku ile ukumbi ulijaa watoto, mama zao, hata na wazee. Mwenyekiti wa kamati yetu ya kanisa, Mzee Njogu, mwenye bucha kando ya kituo cha basi, alifungua kwa sala ndefu, kisha akakaa kiti cha mbele na kukunja mikono juu ya tumbo.

Syombua aliingia na katoni ya sabuni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na kitu kinachokwaruza. Akaiweka mezani.

"Humu mna nini?"

"Kuku," wakasema watoto.

"Mmemwona?"

"Tumemsikia."

"Haya. Ni kuku wa Krismasi. Sasa tuseme nimemwekea humo ndani punje ya madini fulani. Punje hii ikipenda hupasuka, isipopenda haipasuki, na hata mwalimu mkuu hawezi kuiamuru. Ikipasuka, inafyatua kisu. Ikipita saa moja, kuku ni mzima au ni kitoweo?"

Nusu wakasema mzima, nusu kitoweo, wakaanza kuzomeana.

"Nyamazeni. Wataalamu wa mambo haya walifanya hesabu zao. Hesabu zikasema kwamba kabla hujafungua katoni, kuku ni mzima na ni kitoweo, yote mawili kwa pamoja."

Binti wa Njogu mwenyewe, Wakiuru, aliyekuwa kidato cha tatu, akainua mkono. "Sasa mathe, huyo ataletwa mezani aje? Mchuzi unaowika?"

"Utakula upande uliokufa, umwachie ndugu yako upande unaotaga."

Watoto wakacheka hadi benchi moja likaanguka.

"Mtaalamu aliyetunga kisa hiki alitumia paka," akaendelea.

"Kwa nini paka?"

"Kwa sababu kwao paka akikosekana siku ya Krismasi hakuna anayelala njaa. Angeleta kuku Baba Dogo mwaka huu, asingempata mtu wa kungoja hiyo saa moja. Na sikilizeni vizuri: bwana yule alikuwa akiwacheka wenzake. Alikuwa akiwaambia, tazameni hesabu zenu zinatupeleka wapi." Akaipapasa katoni. "Lakini hesabu zenyewe hazikuwa na kosa. Vile vitu vidogo kweli ndivyo vilivyo. Kuna chembe inaitwa elektroni. Ukijua mahali ilipo, hujui kasi yake. Ukijua kasi yake, hujui mahali ilipo."

Mama Nthambi, ajuza anayeuza sukumawiki mbele ya nyumba yake, akasema kutoka benchi la nyuma, "Huyo namjua. Nimezaa naye watoto saba."

Nilicheka. Sioni haya kulisema. Sijacheka hivyo kanisani kabla wala baadaye.

Kisha msichana mmoja mdogo akauliza kama vitu vya hapa mtaani pia vinaweza kuwa viwili kwa wakati mmoja. Syombua alilifikiria swali lile kwa uangalifu, kama alivyofikiria kila swali la mtoto.

"Hapana," akajibu. "Vitu vikubwa haviwezi. Kuku ni mkubwa mno, ndiyo maana habari yake ni kichekesho. Kilo ya nyama, kwa mfano, haiwezi kuwa kilo moja kwa bucha na robo tatu ukifika nyumbani. Ikibadilika njiani, hiyo si fizikia."

Kicheko kilianza kwa akina mama. Kikapita benchi kwa benchi, na vichwa vikageukia kiti cha mbele. Wakiuru alicheka akishikilia ubavu, mpaka alipoona uso wa baba yake. Syombua akafungua katoni, kuku akatoka mzima na mwenye hasira, watoto wakamfukuza ukumbini, na somo likaishia hapo.

Nilimuuliza baadaye kama alimkusudia Njogu.

"Bwana Katibu, nilihitaji mfano wa kilo," alisema. "Kilo ziko bucha. Ningeutoa wapi mwingine?"

Jioni ile ile Njogu alichinja fahali wa sikukuu, akaijaza friza yake nyama ikiwa bado na joto la mnyama, akatia kufuli. Jumapili hakufungua, maana yeye ni mtu wa kanisa. Jumatatu asubuhi, mkesha wa Krismasi, akina mama walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Aliponyanyua mfuniko, foleni ilirudi nyuma yenyewe. Nyama ilikuwa imeoza yote.

Mtu mwenye akili angetazama waya. Njogu alitafuta mwanamke. Kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba Mkamba yule alisimama mbele ya watoto wa watu akanena juu ya nyama iliyo hai na mfu, akataja bucha, na siku mbili hazikupita kabla bucha haijaoza. Nani asiyejua Wakamba na mambo yao? Hivyo ndivyo walivyosema. Waliosema ni wale wale waliocheka Jumamosi. Ninaowakasirikia zaidi ni sisi watu wa Ukambani tuliokuwa tukiishi pale, makarani na madereva na mafundi wa kuchonga vinyago. Tuliinamisha vichwa. Mimi ni mtu wa Mbooni, na nilinyamaza ili nisitiwe kapu moja naye.

Kamati iliitwa Ijumaa, tarehe ishirini na nane, katika chumba cha nyuma ya madhabahu. Tulikuwa watano pamoja na mwenyekiti. Syombua aliitwa, akaja na Mama Nthambi, ambaye hakuitwa na ambaye hakuna aliyethubutu kumtoa.

Njogu alianza kwa upole. Upole wa namna ile naujua; ni wa mtu anayenoa kisu.

"Mama Mbithi, sisi ni watu wa amani. Hakuna anayekuhukumu. Lakini watu wanasema, na maneno ya watu lazima yasafishwe."

"Wanasema nini, Mwenyekiti?"

"Wewe unajua."

"Sijui. Niambie."

Akakohoa. "Hiyo friza yangu ina miaka sita. Haijawahi kuharibu hata mkia. Unaongea wewe, siku ya tatu, yote imeoza."

"Fyuzi umeitazama?"

"Usinifundishe friza yangu."

"Nauliza tu. Ulitia nyama ya moto, ukafunga. Mashine inapolemewa, fyuzi hukatika. Nipe bisibisi, twende sasa hivi nikaangalie."

"Haifunguliwi. Fundi wangu yuko Murang'a, atarudi mwaka mpya."

Mama Nthambi akauliza, "Kwa hiyo mpaka huyo fundi arudi, mama huyu ni mchawi na si mchawi?"

Mjumbe mmoja alicheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Njogu aligonga meza.

"Iko njia," akasema. "Nyinyi watu wa kwenu mna kithitu. Ale kiapo cha kithitu mbele ya mashahidi kwamba hakuigusa bucha yangu kwa maneno wala kwa dawa. Akishakula, mimi nitanyamaza. Asipokula, tutajua."

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Kithitu ni kiapo cha zamani cha Wakamba, na wanaokiamini husema kwamba mtu akikila kwa uongo ukoo wake hufa mmoja mmoja. Kanisa letu lilimfukuza shemasi mwaka wa 1980 kwa sababu alihudhuria kiapo hicho, akiwa mtazamaji tu. Na aliyesoma barua ya kumfukuza, kwa sauti kubwa, alikuwa Njogu. Sasa alikaa hatua tano kutoka kwenye meza ya Bwana akiagiza tambiko, na wazee wanne wa kanisa, mimi nikiwa mmoja wao, tukatazama vidole vyetu.

Syombua akamgeukia. "Mwenyekiti, mwaka wa sabini na saba ulisimama hapo mlangoni ukawa baba wa ubatizo wa mwanangu Mbithi. Tuliulizwa kama tunamkataa Shetani na kazi zake zote. Nilisema ninamkataa. Wewe ulisema nini?"

Njogu alianza kufunga zipu ya Biblia yake.

"Ulisema amina. Mimi sili kithitu. Si kwa sababu naogopa kufa. Nikikila nitakuwa nimekubali kwamba kuna jambo la kuapia."

"Basi umejihukumu mwenyewe."

"Nimekataa tu. Hukumu ni yako."

Akatoka. Mama Nthambi alibaki mlangoni akituhesabu kwa macho, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya na kuona zote zina doa. Kisha naye akaenda.

"Bwana Katibu," akasema Njogu, "andika barua kwa mwalimu mkuu. Kamati haina imani na huyu mama kukaa na watoto wetu."

"Kwa sababu gani?" nikauliza.

Njogu akanisogezea karatasi.

"Niandike uchawi?"

"Usiandike hivyo," mjumbe mmoja akasema haraka. "Barua hukaa."

"Niandike friza?"

"Andika mwenendo," akasema Njogu.

"Mwenendo gani?"

"Mwenendo tu. Mwalimu mkuu ataelewa."

Ningeweza kuiweka kalamu chini. Nilikuwa nimesoma chuo, najua neno lisilo na maana linavyoweza kufanya kazi ya rungu. Niliandika "mwenendo usiopendeza", nikatia sahihi, nikarudi nyumbani nikala chakula cha jioni.

Mwalimu mkuu, Bwana Nabiswa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga, na katika umri wangu huu nimeacha kuona tofauti kubwa. Njogu alikuwa pia katika bodi ya shule yake, na mitihani ya shule ilifanyiwa katika ukumbi wetu. Mwaka mpya ulipoingia alimtuma mlinzi achukue funguo za maabara kwa Syombua na amwambie kwa mdomo kwamba shule ikifunguliwa asisumbuke kuja. Miaka kumi na moja ya kazi, na kuachishwa kukaletwa na mlinzi aliyekuwa akipita kwenda kununua sigara. Mshahara ule ndio uliokuwa ukiwasomesha Mbithi na wadogo zake wawili. Hapakuwa na mwingine nyumbani.

Fundi wa Njogu alirudi tarehe mbili Januari. Alibadilisha fyuzi, friza ikanguruma, akaondoka. Hakuna aliyeitaka fyuzi iliyoungua ile kiapo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Syombua alinijia nyumbani. Alikataa chai.

"Bwana Katibu, ulipoandika mwenendo, ulikuwa ukifikiria nini?"

"Nilidhani utaelewa hali ilivyokuwa."

"Naelewa. Ndiyo maana sikuja kukuuliza siku ile." Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Kesho shule inafunguliwa. Nitakwenda kazini. Nataka mtu mmoja wa kamati asimame pale asikie kitakachosemwa, ili kesho kutwa kisigeuzwe. Utakuja?"

Nilisema nitakuja. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu ya kunishukuru.

Tulifika saa moja na nusu. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la maabara, lililopigwa pasi hadi likawa kama karatasi. Nabiswa alituona kupitia dirishani, na niliona akitafuta mlango mwingine ambao ofisi ile haikuwa nao.

"Bi Mativo, nilidhani mlinzi alikueleza."

"Alinieleza, Mwalimu. Lakini mlinzi hakuniajiri. Kama nimeachishwa kazi, naomba barua."

"Tuachane kwa amani tu."

"Naomba barua yenye sababu."

Alikaa, akavuta karatasi yenye jina la shule, akaandika mstari mmoja. Kalamu ikasimama. "Naweza kusema tunapunguza wafanyakazi."

"Nani atakayeshika maabara?"

"Bado hajapatikana."

"Basi hampunguzi. Mnabadilisha."

"Mwenendo, basi. Kama kamati ilivyosema."

"Mwenendo ni kitu gani, Mwalimu? Nimelewa? Nimeiba? Nimempiga mtoto? Andika kile mnachokisema sokoni. Andika uchawi. Tia sahihi, kisha upige muhuri wa shule."

Nabiswa alinitazama mimi, kana kwamba ningemwokoa. "Bi Mativo, nakala ya barua kama hii inakwenda ofisi ya elimu."

"Ndiyo. Waambie una shahada ya sayansi, na umemfukuza mhudumu wa maabara kwa sababu ameroga friza. Waambie niliirogea ndani ya katoni ya sabuni. Mimi nitakaa hapa nje kwenye benchi nikingoja barua hiyo. Leo, kesho, hata muhula wote. Wazazi wanaolipa karo wakiniuliza nangoja nini, nitawaambia."

Akatoka kweli, akakaa. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wakipita na madawati yao vichwani. Kila mmoja alimsalimu. Wakiuru alisimama mbele yake, akashusha kiti alichobeba.

"Shikamoo, mathe. Si tulisikia umeacha?"

"Marahaba. Nani kasema?"

Msichana alitazama chini. "Nyumbani."

"Mwambie aliyesema kwamba mwalimu mkuu bado anatafuta neno la kuandika."

Ndani, Nabiswa alikunja ile karatasi, akachukua nyingine, akaikunja pia. Nilikaa mbele yake bila kumsaidia. Lile jambo lilikuwa limetembea Baba Dogo nzima kwa majuma mawili, likaingia kila jikoni, likapita kanisani, na sasa halikuweza kupita kwenye ncha ya kalamu ya mtu mmoja mwenye muhuri. Kengele ya saa mbili ilipolia alifungua droo, akatoa funguo za maabara, akaenda kuziweka kwenye benchi kando ya Syombua.

Syombua hakuzigusa. "Ulizichukua kwangu kwa mkono wa mlinzi. Nirudishie kwa mkono wako."

Aliziokota, akampa. Mama yule akasimama, akaenda kufungua. Baada ya kitambo nilisikia bomba la maji likifunguliwa.

Njogu hakuomba radhi. Aliendelea kuwa mwenyekiti, na Krismasi iliyofuata, Syombua alipoomba ukumbi, aliambiwa kwamba kwaya imeshauchukua kwa mazoezi. Mwaka uliofuata hakuomba. Watoto wa Baba Dogo waliobaki mjini walipewa filamu za watu wanaopigana mateke, na hakuna kamati iliyoketi kuuliza zilikuwa na mwenendo gani. Mimi nilijiuzulu ukatibu mwezi Februari. Wengine walidhani ni kwa sababu ya afya.

Siku ile, kabla sijaondoka ofisini, nilimwomba Nabiswa anirudishie barua niliyoiandika. Alinionyesha kabati la chuma. Alisema imeshatiwa kwenye faili ya Bi Mativo, na kwamba kitu kikishaingia katika faili ya mfanyakazi hakitolewi, ni sheria. Nilibishana naye kwa nusu saa. Imo humo hadi leo: mstari mmoja kuhusu mwenendo wa mwanamke aliye bora kuliko sisi sote watano, na chini yake sahihi yangu, yenye herufi nzuri, inayosomeka vizuri.